Mkono wa Ba

Nyumbani kwetu Tanga chakula kikitoka jikoni kinatua kwenye sinia moja. Tunanawa, tunakaa mkekani, kila mtu anakula upande wake. Mama akiona upande wako umebaki wali mtupu, anakusogezea kipande cha samaki kutoka kwake kwa ncha za vidole, wala hakatizi mazungumzo. Nimelelewa hivyo, nikakua nikiamini kwamba watu wanaopendana hula chombo kimoja, na anayejitenga na sahani yake ana jambo.

Imani hiyo nilisafiri nayo Agosti 2013 nilipokwenda kusoma Vadodara, mji wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Kupata chumba kulinitoa jasho. Nyumba mbili walinikatalia mlangoni: moja walisema hawawapangishi watu wanaokula nyama, nyingine hawakutoa sababu. Ya tatu ilikuwa ya familia ya Kihindu iliyokaa pamoja kama wengi kule: mzee na mkewe, mtoto wao wa kiume na mke wake, na mjukuu wa miaka tisa. Bibi mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Ba, yaani mama, alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu, kisha akauliza swali moja kupitia kwa mjukuu. Je, nitaweza kukaa ndani ya nyumba yake bila nyama, samaki wala mayai? Mimi mtu wa pwani, nimekuzwa na samaki. Nikasema nitaweza. Kodi ilikuwa pamoja na chakula cha mchana na cha usiku.

Hata begi sijalitua, Ba akauliza jingine: "Jami lidhu?" Mjukuu akanitafsiria: umekula?

Nimelisikia swali hilo maelfu ya mara baada ya siku ile. Nikitoka chuoni, jami lidhu. Nikipigiwa simu nikiwa maktaba, jami lidhu. Siku matokeo ya muhula yalipotoka mabaya na nikaingia na macho mekundu, Ba hakuniuliza nalia nini, aliuliza kama nimekula. Mwanzoni nilidhani ni salamu tu, kama sisi tunavyosema "habari za kushinda". Kumbe yeye alitaka jibu, na ukisema hujala, kazi inaanza hapo hapo.

Lugha yao ilinikoroga kwa namna nyingine pia, kwa sababu dada kwao ni babu, na kaka ni ndugu wa baba. Kwa hiyo mzee wa nyumba nilimwita Dada, na kila nilipomwambia mama kwenye simu kwamba Dada amenunua maembe, ilibidi nimweleze upya ni nani huyo.

Sasa chakula chenyewe. Kila mtu alikuwa na sahani yake ya chuma, pana, yenye ukingo, na ndani yake vibakuli vidogo: kimoja cha dali, kimoja cha mboga, pembeni achari, papadi, na bilauri ya mtindi uliopigwa kwa maji na bizari nyembamba. Dali yao huwa na utamu kidogo kwa sababu wanatia sukari guru, na dengu wanayoiita tuver si kitu kigeni, ni mbaazi. Ba alikaa asubuhi na sahani ya mbaazi mapajani akitoa vijiwe kimoja kimoja, nami nikakaa naye nikamwambia hizi kwetu zinalimwa Lindi, Mtwara na Manyara, na nyingi zinaletwa kwenu. Alifurahi kana kwamba nimemtajia jamaa yake. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje na bei kwa wakulima wetu ikaporomoka, mimi nilikuwa nimesharudi, lakini nilivyozisikia habari zile kwenye redio niliuona uso wa Ba na sahani yake ya mbaazi.

Chapati zao wanaziita rotli. Si kama zetu za pwani zenye mafuta na matabaka. Rotli ni nyembamba kama kitambaa. Inasukumwa, inageuzwa mara mbili juu ya chuma, kisha inashikwa kwa koleo na kuwekwa juu ya moto mtupu, na hapo inavimba kama mpira. Inapakwa samli ikiwa bado inapumua, halafu inakimbizwa kwenye sahani yako. Inakimbizwa kweli, maana rotli iliyopoa kwao ni kama salamu isiyojibiwa. Bhabhi, mke wa mtoto wa nyumba, alisimama jikoni akisukuma na kuchoma moja moja, naye Ba akatembea kati ya jiko na sisi. Hakuwekewa mtu rundo la chapati mezani ajichukulie. Unakula moja, unaletewa nyingine. Rotli ya kwanza kabisa hatukuiona sisi, iliwekwa pembeni kwa ajili ya ng'ombe wa mtaani, na ya mwisho ilikuwa ya mbwa aliyelala langoni.

Siku ya kwanza nilikula saba. Kwetu mgeni akimaliza kilichopo mbele yake ameonyesha heshima. Kule sahani tupu ni mwito wa kujaziwa. Nilisema basi. Neno hilo wanalo, wanasema "bas", na maana ni ile ile, ila mbele ya Ba halikuwa na nguvu yoyote. Ukisema bas mara moja, anakuwekea. Ukisema mara mbili, anakuapiza, "mara sam", yaani nakuapia kwa uhai wangu, kula hii moja. Nani atakataa kiapo cha bibi wa watu? Mjukuu ndiye aliyenifundisha kufunika sahani kwa viganja viwili na kuinama juu yake, na hata hapo Ba alikuwa akisubiri uinue mkono unywe maji.

Lakini nilikuwa na donge. Wiki ya pili nilirudi na kiu, nikachukua chupa ya maji ya jokofu, nikaiweka mdomoni nikanywa. Bhabhi aliniona. Hakusema neno. Aliichukua chupa ile, akamwaga maji yote kwenye chungu cha maua, akaisugua kwa sabuni nje na ndani, akaijaza upya. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nilijiambia ni kwa sababu ya rangi yangu, au kwa sababu ya dini yangu, au yote mawili, na nyumba zile mbili zilizonikataa zikanirudia akilini. Kila usiku nikikaa na sahani yangu ya peke yangu niliona ushahidi mwingine: watu hawa hawatatia mkono kwenye chombo kimoja nami hata tukae miaka mia.

Baadaye nilimwona Ba akimgombeza mjukuu kwa kosa lile lile. Mtoto wa damu yake! Nikaanza kuangalia vizuri. Hakuna aliyegusisha chupa midomo, wote waliinua juu na kujimiminia kinywani. Hakuna aliyeonja mchuzi kwa kijiko kisha akakirudisha chunguni. Kitu kilichoguswa na mate wanakiita enthu, na enthu hapewi mtu mwingine, kwa sababu kumpa mwenzako makombo ya kinywa chako ni kumdharau. Bhabhi alipika bila kuonja kabisa, maana sehemu ya kwanza inatengwa kwa Mungu kwenye kimeza cha ibada kilichoko pembeni ya jiko, na kisichotangulia kwa Mungu hakionjwi na mpishi. Chumvi aliipima kwa vidole na kwa harufu. Katika miaka karibu mitatu sikumbuki hata mara tano ambazo chumvi ilipotea.

Kwa hiyo nilielewa kwa akili. Moyo bado ulikuwa na ile chupa.

Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha na mbu wamejaa, nikapata homa ya dengi. Mwenye kuijua anaijua, mifupa inakuwa kama imepigwa na mchi. Siku ya tatu sikuweza kukaa mwenyewe. Ba alikuja na bakuli la khichdi, mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika kama uji mzito, manjano kidogo, na samli katikati ikiyeyuka. Alivua ndara mlangoni, akapanda kitandani kwangu, akaniegemeza begani kwake. Akachanganya kwa vidole, akafinyanga tonge dogo, akanitia kinywani. "Koliyo," alisema kila mara, tonge, kama anavyosemeshwa mtoto. Vidole vyake viligusa midomo yangu. Kwa kila tonge alinitajia mtu: hili la Dada, hili la mama yako Africa, hili la mwalimu wako. Nadhani nilikula manane. La tisa nikageuza uso, tumbo limekataa.

Ba alilitazama lile tonge. Lilikuwa limeshagusa mdomo wangu. Akalitia kinywani mwake, akalitafuna, akajifuta mkono kwa pindo la sari, akaendelea kunieleza habari za jirani.

Nililia, yeye akadhani ni homa. Sijawahi kumwambia.

Tangu siku ile nilikoma kutafuta sinia katika nyumba ile. Mapenzi yao yalikuwa katika mkono unaokupa, na mkono huo ulikuwa haupumziki. Nilijifunza pia kuacha kusema asante. Mara ya kwanza nilipojifunza neno lao la shukrani na kumwambia Ba baada ya chakula cha usiku, uso ulimwanguka. Bhabhi akaniambia taratibu kwamba ndani ya nyumba watu hawashukuriani, anayeshukuru ni mpita njia. Ukitaka kumfurahisha, sema "saras", ni kizuri, kisha ongeza rotli. Hadi leo ulimi wangu unakuwa mzito kumshukuru mama kwa chakula, kisha nakumbuka mama yangu yeye anaitaka asante yake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo siwezi kulipitia juu juu, na sitalipamba. Ili sisi wote tule rotli zikiwa moto, mtu mmoja alikula zilizopoa. Kwanza walikula Dada, mume wake Bhabhi na mtoto, pamoja nami niliyehesabiwa mgeni. Kisha Ba. Bhabhi alifunga jiko saa tatu na nusu usiku, akakaa chini peke yake na zile chache za mwisho, mboga imebaki ya kukwangua, simu mkononi ili awe na kitu cha kutazama. Kila siku. Nimewasikia watu wakiusifu mkono wa mama wa Kihindi bila kuuliza mama huyo anakula saa ngapi, na nimewasikia wakiyasema hayo hata kwetu, ambako nako kuna wanawake wanaokula ukoko jikoni baada ya wanaume kuinuka.

Nikamwomba Bhabhi anifundishe rotli. Alicheka, akakubali. Ilinichukua miezi. Unga lazima uwe laini kuliko wa chapati zetu, na mti wa kusukumia haukandamizwi, unaachwa ucheze wenyewe na rotli izunguke chini yake. Zangu zilikataa kuvimba kwa sababu nilikuwa naacha sehemu nene pembeni. Jumapili moja mwezi Februari ikavimba moja, halafu ya pili. Nikamwambia Bhabhi, nenda kakae. Akakataa. Nikamshika mabega nikamkalisha kwenye sakafu ya jikoni palepale, mlango umerudishwa, nikamwekea sahani. Nikampelekea rotli imejaa hewa, samli inachirizika. Aliichana, moshi ukatoka, akala bila mboga wala kitu. Ya pili akala na achari. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mara ya mwisho mtu kumpa rotli ya moto alikuwa mama yake, alipokwenda kumtembelea kwao, na kwamba ni miaka minne sasa mama yake hayupo.

Jumapili zote zilizofuata jiko lilikuwa langu. Ba alijua, maana hakuna alichokuwa hakijui katika nyumba ile. Jumapili ya tatu au ya nne aliingia, akamwona mkwe wake amekaa anakula na mgeni amesimama motoni. Nikajiandaa kwa maneno. Ba akachukua kijiko cha samli, akamwongezea Bhabhi juu ya rotli, akatoka.

Mei joto likipanda, tulihamia kwenye paa la nyumba kutengeneza chhundo, achari tamu ya embe mbichi. Embe zinakunwa, zinachanganywa na sukari, chumvi na manjano, zinatiwa kwenye sufuria kubwa, zinafunikwa kitambaa chepesi cheupe kilichofungwa kamba, na jua ndilo linalopika. Hakuna moto. Asubuhi tunapandisha, jioni tunateremsha, siku baada ya siku, mpaka sukari inakuwa asali nyepesi na embe inang'aa. Mwisho ndipo pilipili na bizari nyembamba zinaingia. Kazi ya kugawa kwenye chupa Ba hakumwachia mtu. Chupa ya binti wa Surat, ya binti wa Mumbai, ya mdogo wake, ya mpwa aliyeko Uingereza, ya hapa nyumbani, kila moja na kikaratasi chake. Nilizihesabu nikapata nane, nami niliijua familia yake kwa majina, nikaona iko moja ambayo simjui mwenyewe. Nikamwita mjukuu anisomee hati ya Kigujarati. Akasoma jina langu.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Juni. Nilikuwa nimepanga kula daku ya tende na maji chumbani ili nisiwasumbue. Usiku wa kwanza saa tisa na nusu nilisikia koleo linalia jikoni. Ba mwenyewe hufunga, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi wao, bila nafaka, na aliponieleza hayo siku za nyuma nilimweleza ya kwetu. Sasa alikuwa amesimama na rotli na chai ya tangawizi. Mwezi mzima hakukosa. Jioni magharibi ikikaribia alikaa na mimi ukumbini, yeye akinitazamia saa.

Sikukuu zilizofuata nitazipitia haraka, ingawa zilikuwa na utamu wake: Januari 14, siku ya kurusha tiara, tukila undhiyu juu ya paa, mchanganyiko wa viazi vikuu vya zambarau, biringanya ndogo, ndizi na maharage mabichi; sahani za vitafunio vya Diwali zikizunguka mtaa mzima kutoka mlango hadi mlango, na hakuna iliyorudi tupu. Hilo la mwisho sikuhitaji kufundishwa. Kwetu Tanga pia bakuli la jirani halirudi mikono mitupu, hata kama ni sukari ya kufunika chini.

Niliondoka Mei 2016. Treni ya kwenda Mumbai ilikuwa ya alfajiri, na Ba alikuwa amekesha akipika thepla, chapati nyembamba za majani ya uwatu na manjano ambazo hukaa siku kadhaa bila kuharibika, chakula cha safari cha Wagujarati wote. Alizipanga kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana, zaidi ya thelathini. Nilimwambia safari haifiki siku mbili. Akasema, "Na mama yako?" Mlangoni alinilisha kijiko cha mtindi na sukari, kama alivyofanya kabla ya kila mtihani, ili ninakokwenda pawe na heri. Bhabhi alisimama nyuma yake. Yeye na mimi hatukuweza kusema kitu.

Mama alizila thepla zile kwa siku tatu na chai ya rangi, akiuliza kila moja imetiwa nini. Kisha akaosha kopo, akalikausha kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati. "Hili halirudi tupu," akasema. Sifa yake mama ni vileja, lakini vileja vyake vina yai, na nilipomwambia kwamba Ba hali yai, mama alifikiri siku nzima. Akapika visheti, unga, samli, sukari na hiliki, akavipanga kama Ba alivyopanga thepla zake, na nafasi zilizobaki akazijaza korosho. Nikampata mwanafunzi wa Korogwe aliyekuwa anakwenda Vadodara. Miezi minane baadaye kopo lilirudi na chhundo.

Limekwenda na kurudi mara kadhaa sasa, likisubiri kila mara atokee mtu wa kulibeba. Zamu ya sasa ni yetu, na kuna kijana anaondoka Jumamosi. Jana nilimkuta mama jikoni amelijaza kopo la Ba, na pembeni ameweka jingine dogo jipya, bado lina kibandiko cha bei. Nikamuuliza la nani. Miaka ile yote nilipokuwa nikimsimulia kwenye simu habari za jiko na rotli zilizopoa, nilidhani ananisikiliza nusu nusu.

"La yule mkwe," alisema. "Mwambie kijana ampe mkononi mwenyewe, ale kabla ya wengine."